Marahaba ya Kompyuta

Itangazwe kwa wakazi wote wa Tabora, kuanzia Ng'ambo hadi stesheni, na kwa ndugu zao wa Kaliua na Igunga, wenye redio na wasio na redio, kwamba siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika nyumba ya bati jekundu iliyo nyuma ya fundi cherehani, kompyuta iliitikia shikamoo. Tangazo zito namna hii lilistahili kupigiwa tarumbeta. Bahati mbaya tarumbeta ya nyumba hiyo imo ndani ya kompyuta yenyewe, pamoja na vinanda sita, marimba na kengele za kanisa, na hivi sasa hakuna anayethubutu kuiwasha.

Mwenye kompyuta anaitwa Octavian. Ng'ambo nzima inamwita Prodyuza, kwa sababu anarekodi kwaya. Kuta za chumba chake cha kazi zimepigiliwa magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na ukiingia humo wakati wa jua unatoka umechemka kama kiazi. Mkewe, Pelagia, anauza asali sokoni. Mama yake, Bibi Dafrosa, alikaa chumba cha uani hadi alipofariki wiki tatu zilizopita. Wa nne ni binti yao Mektilda, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, aliyekuwa likizo. Huyu ni msichana mpole, msikivu, mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano, na hadithi hii haimhusu sana.

Mimi msimulizi najua yote yaliyotokea, hata yaliyosemwa milango ikiwa imefungwa. Msiniulize nimejuaje. Wasimulizi hatuulizwi.

Bibi Dafrosa alipiga ngoma ya kwaya ya kigango kwa miaka thelathini. Mwaka jana mwanawe alimwomba aingie chumba cha magodoro akarekodi kila pigo la ngoma ile: la katikati, la ukingoni, la kiganja, la kidole kimoja. Bibi alifurahi. Alidhani ni kama kupigwa picha. Octavian akayaingiza mapigo yale kwenye programu ya ala, kila pigo likapewa kitufe chake kwenye kinanda. Kuanzia hapo, mtu yeyote mwenye vidole aliweza kumpiga Bibi Dafrosa bila Bibi Dafrosa.

Siku kwaya ilipokuja kurekodi, Bibi alivaa sare yake, akaweka ngoma magotini, akakaa kwenye benchi la uani kungoja aitwe. Octavian akachungulia mlangoni, kichwa tu.

"Mama, usisumbuke. Ngoma tayari imo."

"Imo wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Bibi hakuondoka. Alikaa pale na sare yake hadi kwaya ilipotoka kunywa soda. Soda zilikuwa zimehesabiwa kwa waimbaji, na yeye siku ile hakuwa ameimba wala kupiga.

Kesho yake asubuhi Octavian akapita akamwamkia kama kawaida. "Shikamoo mama."

Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. "Shikamoo yako ipeleke kwenye kompyuta," alisema. "Ndiyo yenye ngoma. Ikuitikie yenyewe."

Hakumwitikia tena. Octavian alimwamkia kila siku hadi Krismasi, mbele ya wateja, mbele ya mkewe, na mara moja mbele ya padri. Maharage yaliendelea kuanguka kwenye sinia. Mwisho akachoka kuusalimia ukuta, akaanza kutoka kwa mlango wa nyuma ili asipite mbele ya mama yake. Bibi macho yalishaanza kuingia giza, akawa anajua watu kwa sauti na hatua zao. Hatua za mwanawe zikapotea.

Alikufa hivyo. Asubuhi moja ya Julai, usingizini.

*

Makaburini, Octavian aliinama kuchukua udongo wa kwanza. Mjomba Alois, kaka wa marehemu aliyekuja kwa treni kutoka Kaliua, akamshika mkono.

"Ngoja kwanza," alisema, si kwa ukali. "Mama yako alikuitikia lini mara ya mwisho?"

Octavian akautazama udongo wake.

"Basi atangulie mkeo. Yeye alikuwa anaitikiwa."

Pelagia akatangulia. Akafuata Mektilda, ambaye Bibi alimwitikia hata mara tano kwa siku, kwa kuwa bibi na mjukuu ni watani na walikuwa wanataniana tangu alfajiri. Octavian, mtoto pekee wa marehemu, alirusha udongo wa nne, baada ya Mwalimu Lugembe wa kwaya. Watu mia mbili waliona. Jirani mmoja aliuliza kwa sauti ya kunong'ona iliyofika hadi barabarani kama yule ni mkwe.

Walipokwisha kurudi nyumbani, Mjomba Alois akatamka tena. Siku ya kuanua tanga atakuja kuichukua ngoma ya dada yake aipeleke Kaliua. "Ngoma hairithiwi na mtu aliyeachwa mlangoni," alisema. Halafu, akitoka chumba cha marehemu, akajikwaa kwenye kigoda kilichokuwa kizingitini. Wafiwa wengi walikuwa wamejikwaa kwenye kigoda kile. Bibi alikuwa na kigoda chake kimoja ndani na alikuwa hapokei wageni, kwa hiyo hakuna aliyejua hiki cha pili kilifuata nini mlangoni. Pelagia akakisogeza ukutani na kazi za msiba zikaendelea.

*

Sasa tufike Jumanne.

Mwalimu Lugembe alikuja na akina mama wawili wa sauti ya kwanza kusikiliza wimbo wa kumkumbuka marehemu. Octavian akawatangulia chumbani. Ngoma yenyewe, ile ya mti na ngozi, ilikuwa pembeni juu ya kiti, imefunikwa kanga. Tangu mazishi alikuwa na mazoea: kabla ya kuwasha chochote aliishika ngoma ile na kusema chini chini, "Shikamoo mama." Akafanya hivyo. Mwalimu Lugembe akajifanya anasoma magodoro.

Wimbo ukapigwa. Lugembe akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Prodyuza, pale mwisho ongeza pigo moja. Lile jembamba la ukingoni, la Bibi."

"Liko huku juu," Octavian akasema, akapeleka kidole upande wa kulia wa kinanda. Kidole kikapitiliza kitufe kimoja, kikagusa cha mwisho kabisa, ambacho hakikuwa na kazi.

"Marahaba," akasema Bibi Dafrosa kwenye spika zote mbili.

Alikuwa yeye, na kile kikwaruzo chake cha kooni. Na kwa kuwa ngoma ilikuwa imepitishwa kwenye programu ya mwangwi, ile inayomfanya mtu aliyeimba kati ya magodoro asikike kama yuko kanisa kuu, neno lile halikukatika. Lilipanda, likazunguka chini ya dari ya kanisa lisilokuwepo, likarudi, likafifia polepole: haba, haba, haba.

Mama mmoja akauliza, "Nani ameitikia?" Alijiuliza peke yake, maana mwenzake alishafika uani, kiatu kimoja mguuni na kingine ndani. Mwalimu Lugembe akajipiga ishara ya msalaba, akachukua mwavuli ingawa ni kiangazi.

"Nimekumbuka nina mgeni nyumbani," alisema.

"Mgeni gani, Mwalimu?"

"Nitamjua nikifika."

Pelagia aliporudi kutoka sokoni alimkuta mumewe amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti.

"Baba Mektilda, umepigwa shoti?"

"Ameniitikia."

"Nani?"

"Mama. Nimemwamkia, ameniitikia. Alisema kompyuta iniitikie. Imeitikia, Pelagia. Kwa kinywa chake."

Pelagia akaitazama ngoma, akaitazama kompyuta, akamtazama mumewe. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Basi kunywa nyingine."

Lakini alipokibonyeza mwenyewe kile kitufe, kwa kidole kimoja kama mtu anayepima pasi, birika lilimtoka mkononi.

*

Kufikia Alhamisi Ng'ambo yote ilikuwa na habari, na kila mtaa ulikuwa na toleo lake. Kwaya ikatuma ujumbe wa simu kwamba inasitisha kurekodi "hadi roho zitakapotulia", na kwamba inaomba nyimbo zake zirudishwe kwenye flashi. Flashi ililetwa na mwenyekiti wa kwaya mwenyewe, aliyeirusha kutoka nje ya ukuta ikiwa imeviringishiwa rozari. Sokoni mteja akamuuliza Pelagia kama asali ile imelala nyumba moja na mashine. Mzee Adinani, jirani, alikuja amevaa kanzu safi, akakaa kwa heshima, akasema:

"Mwanangu, hiyo mashine inaitikia marehemu wa dini zote, au wa kwenu tu? Nina kaka yangu. Sitaki maongezi marefu. Nataka aniambie tu hati ya kiwanja aliiweka wapi."

Octavian alimjibu kwa upole kwamba anasikitika, imeitikia neno moja tu, na imemwitikia yeye.

Kazi zilikuwa zimemkimbia zote, lakini ungemwona ungedhani ameshinda kesi. Alinyoa ndevu. Aliacha mlango wa nyuma. Alitokea mbele, akapita kwenye chumba cha mama yake kilichofungwa na kusema shikamoo kwa sauti, majirani wasikie, kisha akatembea akipiga mluzi.

"Mwaka mzima sijamwona baba yako akimaliza ugali kwenye sahani," Pelagia alimwambia Mektilda wakiosha vyombo. "Hata kama ni shetani, ashukuriwe."

Mektilda akainamia vyombo. Tulishakubaliana kwamba ni msichana mpole. Sahani aliyokuwa anaisugua ilikuwa safi tangu zamani.

"Mama," alisema mwishowe, "na kama si Bibi?"

"Nani mwingine mwenye sauti ile?"

"Nauliza tu."

"Usimuulize baba yako. Jumamosi babu yako Alois anakuja kuichukua ngoma. Baba yako atamwambia mbele ya watu wote kwamba ameitikiwa. Hicho ndicho kinachomsimamisha. Usikiguse."

*

Jumamosi Mjomba Alois alifika na treni ya asubuhi. Huyu alifanya kazi ya reli miaka yote, akipokea treni pale Kaliua zinapoachana za Kigoma na za Mpanda, na sikio lake lilikuwa linaijua injini kabla moshi haujaonekana. Waliokuja kuanua tanga walikuwa wachache, na wengi wao walikaa karibu na geti.

"Shikamoo mjomba," Octavian alisema.

"Marahaba. Nimeambiwa una kesi ya rufaa."

"Sina kesi, mjomba. Nina shahidi."

Wakaingia chumba cha magodoro: Mjomba, Octavian, Pelagia, na Mektilda aliyeitwa aje kubeba kiti. Octavian akaishika ngoma, akaamkia, akabonyeza kitufe.

"Marahaba," akasema Bibi Dafrosa.

Mzee akavua kofia. "Piga tena."

Akapiga.

"Zima huo mwangwi. Piga tena."

Safari hii neno lilitoka kavu, karibu sana, kana kwamba Bibi amekaa kwenye kiti cha ngoma. Pelagia akafuta macho kwa upindo wa kanga. Mzee akaibana kofia kifuani.

"Ni yeye," alisema.

Octavian akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia mwaka mmoja na miezi miwili.

"Ni yeye, lakini hajamaliza."

"Hajamaliza nini, mjomba?"

"Dafrosa hakuwahi kuiacha marahaba ikae peke yake kama yai moja kwenye kikapu. Tangu mtoto. Marahaba, umeamkaje. Marahaba, umeleta nini. Hata akikasirika: marahaba, na unipishe. Hapa kuna neno linalofuata, limekatwa. Nimeisikiliza treni miaka thelathini na nne, mwanangu. Najua treni ikiwa imekatwa behewa la nyuma."

Octavian alitaka kubisha. Lakini alikuwa prodyuza kabla hajawa yatima, na mikono ikamtangulia. Akaifungua programu ya ngoma. Ndani yake kila sauti huonekana kwenye kioo kama kilima, kinapanda na kuteremka taratibu. Mapigo yote ya Bibi yalikuwa vilima. Cha mwisho kilikuwa kimekatwa pande zote mbili, wima, kama kwa panga. Marehemu wanaweza kurudi kwa njia nyingi, ila hawarudi wakiwa wamepunguzwa ili watoshee kwenye biti.

"Nikawaletee maji ya kunywa?" Mektilda aliuliza.

"Kaa," alisema mzee, bila kugeuka.

Jambo moja watu wengi hawalijui kuhusu programu hizi, na wengine wamepata hasara kubwa kwa kutolijua: hazifuti. Zinaficha. Ukishika ukingo wa sauti ukauvuta, kilichokatwa kinarudi. Octavian akaushika ukingo wa kushoto, akavuta, akapiga.

"Shikamoo mama," ilisema spika, kwa sauti ya Octavian.

Pelagia akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama spika.

"Sijasema hivyo," alisema. "Nilishaacha. Tangu Krismasi sikumwamkia." Akarudia. Akasogeza sikio. Uso ukaanza kumbadilika kutoka chini kwenda juu. "Hii imeshushwa. Ni sauti nyembamba, imeteremshwa hadi ikafika kwangu. Sikiliza hiyo 'ma', ina bati ndani. Ni programu yangu mwenyewe hii, ya kunenepesha besi za kwaya."

Hakumaliza kufikiri. Akaushika ukingo wa kulia akauvuta wote.

"Marahaba," alisema Bibi Dafrosa. Kisha kimya, kuku mmoja mbali, kigoda kikilia. "Mwanangu. Ingia basi."

Kimya tena.

"Octavian, mbona umesimama mlangoni? Ingia, mimi sioni, njoo hadi hapa."

Yakasikika mapigo mawili matatu ya fimbo ikitafuta njia sakafuni. Halafu, karibu kabisa na simu iliyokuwa inarekodi, kikasikika kicheko cha msichana aliyejiziba mdomo kwa kiganja.

Wote watatu wakageuka.

*

Hapa msimulizi anaomba samahani. Nilisema hadithi hii haimhusu Mektilda sana, na nikasema wasimulizi hatuulizwi. Babu Alois aliuliza. Kicheko kile ni changu. Mektilda ni mimi, na mambo yote ninayoyajua nayajua kwa sababu niliyafanya, au nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

Niliwaeleza. Nilisema Bibi alikuwa mtani wangu, na utani si kosa. Nilisema ni yeye aliyesema kompyuta imwitikie baba, mimi nilitekeleza tu. Nilishusha sauti yangu kwa programu ya baba, nikaiweka kwenye kispika kidogo, nikasimama kizingitini kwa Bibi na kuifungulia, huku simu inarekodi. Nilitegemea atatukana. Bibi alikuwa na matusi mazuri ya ngoma, nilitaka kuyaweka kwenye kinanda ili siku moja baba abonyeze, tucheke. Alipoitikia nilishangaa, lakini kicheko kilikuwa kimeshaanza safari. Nikakata "ingia basi" kwa sababu ilikuwa ndefu kuliko pigo. Nikaiweka marahaba kwenye kitufe cha mwisho, nikangoja baba akiguse. Kabla hajakigusa, Bibi akafa, na nikaogopa kuifuta.

Nilisema mengi. Bweni hutufundisha kujitetea kwa aya. Baba alikuwa haitazami kompyuta wala mimi. Alikuwa anatazama mlango, kule uani.

"Kile kigoda," alisema.

Nilitamani anipige. Watoto wenzangu hupigwa, mambo yakaisha.

"Aliniambia nikilete," nilisema. "Alisema hukuingia kwa sababu huna pa kukaa. Nikamwambia umeitwa na simu, utarudi."

"Halafu?"

"Kesho yake akasema nikiweke tena. Mlangoni, ili ukione."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia una kazi nyingi. Kwamba umesema kesho."

Mama alikuwa amekaa chini. Babu Alois alivaa kofia, akaivua, akaishika tu.

"Aliningoja siku ngapi, Mektilda?"

Msimulizi anajua yote. Ningependa, kwa swali hili moja, nisijue.

"Siku tisa, baba. Kila asubuhi kile kigoda nilikiweka mimi."